Mkia wa Kanda Namba 4417

Machi 2, Jumatatu. Unyevu 51.

Binti yetu wa mwisho kanipa daftari hili lenye jalada gumu, akasema, "Baba, wewe unaongea sana. Andika, watu wapumzike." Mama yake alicheka mpaka akaweka pasi chini. Basi naandika. Na kwa kuwa miaka ishirini na sita kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ni kusoma kisaa cha unyevu pale ukutani, nimeona nianze hivyo hivyo hata humu. Mvua bado. Zikianza, namba hiyo itapanda kama homa.

Mimi ni mtunza kanda wa mahakama. Kesi inayosikilizwa huko juu inarekodiwa sauti kwenye kanda, na kanda inashuka kwangu chini, kwenye chumba kisicho na dirisha, rafu kumi na nane, kanda elfu tisa na ushee. Mawakili wananiita Mzee wa Kanda. Nina kitambi, nina miwani iliyofungwa uzi sikioni, na nimebakiza miezi kumi na mmoja nistaafu. Mwenzangu tuliyefanya kazi pamoja alifariki mwaka juzi. Tangu hapo naongea na rafu, nazo hazijawahi kunikatiza.

Leo Msajili wa mahakama, mama mpole anayenukia vizuri hata Ijumaa jioni, alituita sisi watumishi ofisini kwake. Akafungua kijaluba, akatoa kipande cha kioo. "Mzee, hiki ndicho chumba chako chote. Kanda zako zote zinaingia humu, na nafasi inabaki ya miaka mia."

Nikakiweka juu ya kidole gumba. Hakikuzidi ukucha.

"Na mimi nitakaa pembe gani humu?" nikauliza.

Walicheka wote. Tangu leo jina lake ni Ukucha. Msajili kalipenda, kaliandika kwenye waraka.

Machi 3, Jumanne. Unyevu 51.

Yule mama yupo tena kwenye benchi la korido. Anakuja kila Jumanne tangu mwaka jana, ndiyo maana namwita Mama Jumanne. Anafua mashuka hospitali, na Jumanne ndiyo siku yake ya mapumziko. Vidole vyake vimechanika kwa dawa ya kufulia. Mwanawe kafungwa miaka ishirini na miwili kwa kuchoma ghala ambalo mlinzi alifia ndani. Rufaa inasikilizwa Mei 19, na anataka sauti ya kesi, siku ya pili.

"Kaka, leo?"

"Leo hapana, dada. Waraka umetoka. Hakuna kanda inayotoka moja moja. Zote zinahamia kwenye kioo tunachokiita Ukucha, na siku ya rufaa huo Ukucha utachomekwa mbele ya Jaji, msikie wenyewe."

"Na mimi niendelee kukaa benchi?"

"Benchi tutaliandika jina lako."

"Liandikeni la mwanangu," akasema. "Mimi nina kwangu."

Ana mdomo. Nilipenda.

Machi 5, Alhamisi. Unyevu 53.

Hakuna jipya. Mbu mmoja chumbani. Nimemwacha, anipunguzie upweke.

Machi 9, Jumatatu. Unyevu 58.

Fundi wa kampuni ya Ukucha kafika na sanduku lake. Mtu wa miaka arobaini hivi, viatu vyeupe, anaongea kama anayeuza dawa ya meno. Huyu ndiye atakayezisoma kanda zangu moja moja kwa mashine yetu ya kusomea, iliyobaki peke yake, na kuzihamishia kwenye kioo. Kanda ikishahamishwa inapelekwa uani kwenye mashine ya kusaga.

"Mzee wangu, wengine wanaweka kumbukumbu zao mbali huko, kwenye mashine za watu wasiowajua. Hii unachomeka, unachomoa, unatia mfukoni. Mahakama nzima mfukoni! Haipati kutu, haipati ukungu, hata ukiichemsha. Miaka elfu kumi."

"Mimi naomba inifikishe Januari," nikamwambia.

Akanieleza namna mashine inavyofanya: inasoma kanda mpaka alama ya mwisho, ile ishara tunayoiweka rekodi ikiisha, halafu inalinganisha, halafu inaandika *asilimia mia moja*. Aliposema "alama ya mwisho" kuna kitu kilinichoma mahali fulani. Lakini nilikuwa katikati ya kisa changu cha hakimu aliyekoroma kwenye rekodi, na kisa hicho hakikatizwi.

Machi 10, Jumanne. Unyevu 61.

"Kaka, leo?"

"Leo nimevaa shati jipya, hukuliona?"

"Nimeliona. Vifungo vimepishana."

Machi 13, Ijumaa. Unyevu 70.

Mvua zimeanza. Mashine ya kukausha hewa inakoroma kama shemeji yangu.

Machi 17, Jumanne. Unyevu 76.

Mama Jumanne kaja ameloa mpaka mifupani. Nikampa taulo langu na chai ya chupani. Katika kunywa, akaanza kusimulia. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja, kama tunavyowasikiliza watu wa mabenchi.

"Shahidi wao alikuwa mmoja tu," akasema. "Jirani yangu, tumepakana ukuta. Asubuhi alisema kamwona mwanangu pale ghalani. Jioni, wakili wetu alipombana, akalia. Akasema, 'Sikumwona uso. Niliona shati.' Nilikuwepo, kaka. Nilisikia kwa masikio haya. Kwenye mwenendo wa kesi waliouchapa, neno hilo halimo. Nikimuuliza wakili, anasema pengine nilitamani tu kulisikia. Na jirani mwenyewe kahama, hajulikani aliko."

Kikombe changu kilisimama njiani.

Kwa sababu na mimi nilikuwepo. Nilikuwa kwenye kibanda cha kurekodia, nyuma ya kioo, hedifoni masikioni. Lile neno "shati" alilitamka kwa kwikwi mpaka sindano ya sauti ikaruka kwenye nyekundu. Nilimpunguzia sauti.

Sikumwambia. Nilimwambia, "Malizia chai, dada, itapoa."

Machi 18, Jumatano. Unyevu 77.

Lazima nieleze mikia, maana duniani tulikuwa wawili tunaoijua, na mmoja kazikwa.

Utaratibu unasema kila shauri na kanda yake. Lakini miaka ile kanda mpya zilikuwa haziji. Tunaomba, tunaambiwa zimeagizwa. Kesi ikirefuka na kanda ya siku ikijaa, tufanyeje? Tumwambie Jaji anyamaze? Tulikuwa tunachukua kanda ya shauri lingine yenye nafasi mwishoni, tunaruka alama ya mwisho, na tunarekodi huko nyuma yake. Huo tuliuita mkia. Halafu mmoja wetu anaandika kikaratasi, *mkia wa shauri fulani uko kanda fulani*, na kukipeleka kwa mchapaji, ili naye aruke alama na kuchapa yaliyobaki. Bila kikaratasi mchapaji anafika kwenye alama, anadhani watu wamekwenda zao nyumbani.

Tulijivunia sana. Tulijiona werevu kuliko serikali.

Leo nimetoa madaftari yangu ya zamani. Siku ya pili ya kesi ya ghala: kanda namba 4392 ilijaa saa kumi na robo. Mkia: kanda 4417, kesi ya watu wawili waliogombea mfereji. Mwandiko ni wangu. Na katikati ya kurasa, kikaratasi chenyewe. Kimekunjwa mara moja, kisafi, hakijawahi kwenda popote.

Nimekumbuka. Ilikuwa mvua kama hii, na nilitaka kuwahi kabla barabara haijafurika. Nilisema nitakipeleka kesho.

Machi 20, Ijumaa. Unyevu 79.

Nimemzunguka Fundi kiutani. "Hivi mtu akiwa ameweka kitu nyuma ya alama ya mwisho, mashine yako inakiona?"

"Mzee wangu, nyuma ya mwisho kuna nini? Mwisho ni mwisho."

"Mathalani tu."

"Mathalani, haikioni. Kwani kipo?"

"Nakutania," nikasema.

Kashahamisha kanda elfu tatu, na zote zimesagwa. Nimehesabu kwenye daftari: zile zilizosagwa zilikuwa na mikia mia mbili na kumi na miwili. Mia mbili na kumi na miwili ya nini, sijui. Talaka, mirathi, kilio cha mtu. Kila kanda imepewa asilimia mia moja. Jumatatu namwambia Msajili.

Machi 23, Jumatatu. Unyevu 80.

Nimekwenda kwa Msajili. Nilijipanga maneno kwenye ngazi zote arobaini.

Kabla sijafungua mdomo alinimiminia chai mwenyewe. "Nilikuwa nataka kukuita, mzee. Ukucha unahitaji mlezi. Nimependekeza jina lako, uongezewe miaka miwili. Nani mwingine anaijua mahakama hii kama wewe?" Halafu akainamisha kichwa. "Ila wakaguzi wanakuja mwezi wa tano. Wanatafuta mtu wa kumwangushia lawama, unawajua. Nimewaambia kule chini hakuna wasiwasi, kwa mzee kila kitu kiko kwa utaratibu. Sijakosea, eti?"

"Hujakosea, mama," nikasema.

Chai yake ilikuwa na tangawizi. Nilikunywa vikombe viwili.

Machi 24, Jumanne. Unyevu 80.

"Kaka, leo?"

"Dada, kila kitu kimo. Nimeangalia mwenyewe."

"Na lile neno?"

"Kila kitu."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ile mikono inakwaruza kama msasa.

Machi 27, Ijumaa. Unyevu 82.

Maji kwenye ngazi. Nimeweka magunia.

Aprili 7, Jumanne. Unyevu 84.

Kaniletea shuka. Jeupe, limepigwa pasi, lina muhuri wa hospitali uliofutwa na kusuguliwa mpaka kitambaa kimekonda. "La mkeo," akasema. "Mwambie mwanangu akitoka atalilipia kwa kulima bustani yenu."

"Hatuna bustani, dada."

"Mtapanda."

Nimelileta nyumbani. Mke wangu kauliza kwa nini mtu wa benchi ananipa shuka. Nikamwambia watu wananipenda, wewe tu ndiye huoni.

Aprili 9, Alhamisi. Unyevu 83.

Leo rafu ya tisa. Namba 4400 hadi 4500.

Kila siku nakuja na chakula kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Leo nilikula saa nne asubuhi, nikalikausha bakuli kwa shati langu, nikaitia humo kanda 4417. Kwenye kreti nikaweka kanda tupu, nikaibandika lebo ya pili yenye namba hiyo hiyo. Fundi kaisoma, mashine ikaandika *haina kitu, asilimia mia moja*, akacheka: "Mzee, hata utupu tunaunakili bila kasoro!" Nikacheka kuliko yeye. Jioni nikapita mlangoni mwa askari na bakuli kwapani.

"Leo mama kapika nini, mzee?"

"Mfupa mgumu," nikamwambia.

Mzee wa miaka hamsini na tisa, mwizi wa mara ya kwanza. Nimeifukia kanda kwenye debe la mchele, maana mchele unavuta unyevu. Mpango ni huu: kazi ikiisha, Fundi akiondoka, mashine ya kusomea itabaki chumbani kwangu. Nitaisikiliza peke yangu, nitainakili, halafu nitajua la kufanya. Nimejisikia mtu mwema. Usiku huu nitalala kama mtoto.

Aprili 14, Jumanne. Unyevu 85.

Mke wangu kaiona. Nani nilidhani anapika mchele humu ndani?

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku anapeta, hakunitazama.

"Kwa hiyo mama wa shuka hana habari," akasema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikishaisikiliza."

"Si ulishaisikiliza? Hedifoni masikioni, umesema mwenyewe."

"Mke wangu, kuna utaratibu. Nikisema sasa hivi, nafukuzwa kazi, pengine nafungwa. Nilirekodi nje ya utaratibu, kikaratasi sikukipeleka, na sasa nimeiba mali ya mahakama."

"Utafungwa," akasema. "Na yule kijana yuko wapi?"

Akaendelea kupeta.

Aprili 15, Jumatano. Unyevu 84.

Nimeamka, hakuna bakuli mezani. "Kile si chombo cha chakula tena," kasema mke wangu. Nimenunua mihogo barabarani.

Aprili 21, Jumanne. Unyevu 81.

"Kaka, zimebaki wiki nne."

"Zinakwenda haraka, dada."

"Kwako," akasema.

Nimeona leo kwamba ana pengo la jino upande wa kushoto. Mwaka mzima nimemtania, sikuwa nimeliona.

Aprili 24, Ijumaa. Unyevu 78.

Hii nitaiandika polepole.

Leo ilikuwa kanda ya mwisho. Msajili aliandaa sherehe uani, chini ya turubai, mvua ikitonatona. Mpiga picha, soda, mawakili, Fundi na viatu vyake vyeupe vilivyokuwa vimejaa tope. Kreti la mwisho likamiminwa kwenye mashine ya kusaga, ikatafuna, ikatema vipande vyeusi kama nywele za kinyozini. Msajili akauinua Ukucha juu. Watu wakapiga makofi kwa kitu wasichokiona.

Mpiga picha akalalamika. Kanda zimekwisha upesi mno, hakuwahi kupata picha nzuri. Hakuna kitu kingine?

Kila mtu alinigeukia, maana mimi ndiye mchekeshaji wa mahakama. Na mimi nikiona watu wamenigeukia siwezi kuwaangusha, ni ugonjwa. Mdomo ukasema wenyewe:

"Si muisage na mashine yenyewe ya kusomea? Imebaki mjane, itaishi kwa nani?"

Kicheko kilichopanda pale sijawahi kukipata maisha yangu yote. Msajili alishika kifua. "Mzee, utatuua! Kweli lakini, ya nini tena? Inajaza nafasi tu." Akawaita wabeba mizigo wawili.

Nilikuwa na muda. Walishuka ngazi arobaini, wakapanda ngazi arobaini, na ile mashine ni nzito, walipumzika mara mbili. Nilikuwa na muda wa kusema, "Natania, iacheni." Nilikuwa na muda wa kusema naitaka kwa kumbukumbu ya mwenzangu marehemu. Nilisimama na chupa ya soda, watu wananipiga piga mgongoni, na nilitaka wacheke kidogo tena.

Iliingia kwa upande. Ilikwama. Fundi akaisukuma kwa gongo.

Nimeiona picha. Niko katikati, mdomo wazi mpaka koo, nacheka.

Aprili 27, Jumatatu. Unyevu 77.

Nimemuuliza Fundi kwa simu kama kuna mashine nyingine ya aina ile mahali popote.

"Ile yenu ndiyo niliyokuwa naiponyesha kwa vipuri vya zilizokufa. Kiwanda kilifungwa zamani. Kwa nini, mzee wangu, umeikumbuka?"

"Nimeikumbuka."

"Ndiyo maisha," akasema. "Kanda inadumu kuliko kinachoisoma. Sasa huu Ukucha wetu..." Nikakata simu.

Aprili 29, Jumatano. Unyevu 77.

Nimepiga simu sehemu sita. Wanne hawakujua nazungumzia nini. Mmoja alikuwa nayo, kaigeuza kibanda cha kuku. Wa sita kasema niache namba yangu.

Mei 5, Jumanne. Unyevu 74.

Kaja. "Kaka, leo?" Nilijificha nyuma ya rafu tupu. Rafu tupu hazifichi mtu mwenye kitambi. Aliniona, akaondoka.

Mei 12, Jumanne. Unyevu 70.

Mke wangu: "Nenda kaseme kwa mdomo. Kanda haisomeki, wewe unasomeka." Nimemwambia nitasema Mei 19, mbele ya Jaji mwenyewe, na kanda nitaibeba. Akanipa bakuli.

Mei 19, Jumanne. Unyevu 66.

Nilivaa lile shati, vifungo nikavihesabu. Kanda ndani ya bakuli, bakuli ndani ya mkoba, mkoba mapajani.

Kijana aliletwa na askari. Kakonda, lakini ni mama yake mtupu, hata namna ya kuinua kidevu. Mama Jumanne alikaa mstari wa mbele na wala hakunitazama, kwa sababu aliniamini, na mtu akikuamini hana haja ya kukukagua kila mara.

Ukucha ukachomekwa. Sauti safi ajabu, unasikia mpaka kiti kikilia. Asubuhi yote ya jirani: nilimwona, alikuwa yeye. Mchana. Saa kumi. Wakili anauliza, "Mama, ulimwona uso?" Kimya. Mtu anakohoa. Halafu sauti ya mashine, ya kike, ya upole: *Mwisho wa rekodi.*

Mama Jumanne akasimama. Askari akamkalisha.

Jaji akavua miwani. "Mtunza kumbukumbu yupo?"

Nikasimama, nikaapa.

"Hii ni rekodi kamili ya siku hiyo?"

"Mheshimiwa, mashine imethibitisha asilimia mia moja."

"Sikuiuliza mashine. Nakuuliza wewe."

Msajili alikuwa amekaa pembeni na wakaguzi wawili, akanitikisia kichwa kidogo, kwa wema, kama unavyomtia moyo mtoto anayesoma mbele ya wageni. Mkoba ulikuwa mkononi. Nilihisi kona ya bakuli kwenye goti.

"Ni kamili, Mheshimiwa," nikasema.

Rufaa ilitupwa kwa dakika kumi na nne. Kijana alipopita karibu yangu alisema, "Shikamoo, mzee," kwa sababu alilelewa vizuri. Nilimwitikia.

Mei 20, Jumatano. Unyevu 64.

Mke wangu alilipima bakuli kwa mkono, akajua lina kanda bado. Kahamia chumba cha binti.

Mei 26, Jumanne. Unyevu 58.

Benchi tupu. Wakaguzi wamesaini. Wameandika: *hali ya kuridhisha mno.*

Juni 2, Jumanne. Unyevu 52.

Nimemfuata hospitali. Kumbe hana tena Jumanne ya mapumziko, kaiuza kwa mwenzake, maana hana pa kwenda nayo. Chumba cha kufulia kina mvuke, huoni mtu mpaka umguse.

Nilimpa bakuli. Akafungua, akadhani ni chakula. Nilimwambia yote, hata kikaratasi, hata rafu niliyojificha nyuma yake. Alisikiliza huku maji yanamdondoka viganjani.

"Kwa hiyo limo humu," akasema. "Sikulitamani tu."

"Limo. 'Sikumwona uso. Niliona shati.' Kama ulivyosema."

"Inasikilizwa wapi?"

"Hakuna mahali. Mashine ya mwisho ilisagwa."

"Nani alisema isagwe?"

"Mimi. Nilikuwa natania."

Mashine za kufulia zilikuwa zinazunguka nyuma yake, mashuka meupe, damu kidogo kidogo.

"Na siku ile, uliposimama mbele ya Jaji, hii ilikuwa wapi?"

"Ndani ya mkoba, dada."

Alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, halafu akafunika bakuli, akabana mfuniko pande zote nne, akanirudishia.

"Basi kaa nayo," akasema. "Na usiniite dada."

Juni 12, Ijumaa. Unyevu 47.

Mvua zimekwisha. Barua ya Msajili imekuja: miaka miwili zaidi, mlezi wa Ukucha. Kazi yenyewe ni kuuchomoa kila Ijumaa, kuufuta kwa kitambaa laini, na kuuchomeka tena. Chumba chini ni kikubwa mno sasa. Nikikohoa, kinanijibu.

Nimeikagua kanda 4417. Haina ukungu, utepe haujalegea, lebo inasomeka. Ikitunzwa pakavu inakaa miaka thelathini. Kijana kabakiza kumi na minane. Nimeibadilishia mchele.